Jiwe jeupe WA60K8V kwa kusaga matundu ya ndani: uzoefu wangu

Nalitumia kwenye bushi za chuma kilichotiwa ugumu wa HRC 60 hivi (HRC ni kipimo cha ugumu cha Rockwell), tundu la milimita 40, urefu wa milimita 50. Kwa kazi hiyo sioni haja ya jiwe lingine.

Maandishi ya ubavuni: WA ni alumini oksaidi nyeupe, 60 ukubwa wa chembe, K ugumu wa jiwe (herufi ikisonga mbele, jiwe ni gumu zaidi), 8 uwazi wa muundo, V gundi ya kauri. Mimi huanza na K. Ndani ya tundu jiwe hugusana na chuma kwa upinde mrefu kuliko linaposaga shafti kwa nje, na maji ya kupoza hupenya kwa shida. Jiwe gumu, M kwenda juu, hung'ang'ania chembe zilizokwisha kuwa butu. Uso wake unaanza kung'aa, halafu tundu linatoka na madoa ya kahawia au bluu: chuma kimeungua. Ukiyafuta madoa, nyufa ndogo zinaweza kubaki. K huziachia chembe butu mapema. Kweli linaisha haraka, lakini afadhali jiwe liishe kuliko bushi iharibike.

Kipenyo nachukua thuluthi mbili hadi robo tatu ya tundu. Hapa ni milimita 30. Kwa mizunguko 20,000 kwa dakika napata mita 31 kwa sekunde, chini ya kikomo cha 35 kilichoandikwa juu yake. Likiliwa hadi milimita 24 kasi inashuka hadi 25, nalo linapukutika kana kwamba ni laini zaidi. Hapo nalitoa. Kupandisha mizunguko kupita ile iliyoandikwa kwenye jiwe ni hatari, linaweza kupasuka.

Kabla ya mkato wa mwisho nalipitisha almasi kulinoa uso, milimita 0.02 kila mpito, kisha naingiza jiwe milimita 0.005 tu kwenye chuma na kuacha mipito kadhaa bila kuongeza mpaka cheche zififie. Upana wa jiwe ni milimita 25; nalitoa nje ya tundu kama 8 kila upande. Likitoka zaidi ya nusu, midomo ya tundu inapanuka. Tundu likiwa na mteremko, yaani upande mmoja mpana kuliko mwingine, usililaumu jiwe kwanza: fupisha mkono unaolishika, maana urefu ukizidi mara mbili mpindo unazidi mara nane.

Kwa chuma cha kusubu usilinunue hili. Chukua silikoni kabaidi.