Them! au Gojira: uanze na ipi?

Zote ni filamu za mazimwi za 1954, nyeusi na nyeupe, na zote zinalaumu silaha za nyuklia. Zimwi Gojira (Godzilla) ni mtu ndani ya vazi zito, akiponda Tokyo ya vijumba vya mfano. Sisimizi wakubwa wa Them!, filamu ya Marekani, ni mashine kubwa kwelikweli, ila mwendo wao ni mgumu. Lakini ule mlio! Unausikia jangwani New Mexico kabla hujaona hata mguu mmoja.

Kwa uchungu, Gojira inashinda: kipimo cha mionzi kinalia mbele ya mtoto.

Unapenda upelelezi, na Kiingereza hakikusumbui? Them!. Huchoki kusoma tafsiri chini ya skrini? Gojira ya Kijapani. Toleo la Marekani la 1956 lilikatwakatwa, akapachikwa mwigizaji Raymond Burr.