Asali kwa Majeraha ya Wanyama: Ipi Inafaa Kununuliwa?

Watazamaji wapenzi, karibuni. Mezani hapa nina asali tatu: chupa ya asali mbichi ya Baringo, chupa ya asali iliyopashwa moto kiwandani, na tyubu ndogo ya asali ya manuka iliyotengenezwa mahususi kwa majeraha. Kwamba asali husaidia jeraha kupona si habari mpya, kwani Wamisri wa kale waliipaka juu ya vidonda. Ninachotaka tukiamue leo ni ipi kati ya hizi inayostahili kugusa kidonda cha mbwa au punda wako.

Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, kwa hiyo ikikaa juu ya jeraha huvuta majimaji kutoka kwenye nyama, huwanyima bakteria maji wanayohitaji, na hulainisha tishu iliyokufa hadi itoke bila kukwanguliwa. Ukali wake wa asidi, ambao kwa kawaida ni kati ya pH 3.2 na 4.5, huwazuia bakteria wengi kustawi. Tena nyuki huitia kimeng'enya (enzaimu) kiitwacho glukosi oksidesi, ambacho, asali inapochanganyika na majimaji ya kidonda, hutoa haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoua vijidudu, kidogo kidogo, kwa kiasi kisichounguza nyama changa kama ifanyavyo peroksaidi inayouzwa kwa chupa.

Kwa sababu hiyo asali iliyopashwa moto siipendekezi kabisa. Moto unaoichelewesha kuganda ndio huo huo unaoharibu kimeng'enya, na kilichobaki ni sukari zaidi ya dawa. Kama imechanganywa na shira, hutaweza kujua kwa macho. Lile jaribio la kudondosha tone kwenye maji halithibitishi chochote.

Asali ya Baringo ina nguvu zake zote, nami naiheshimu. Tatizo ni kwamba haijatakaswa: inaweza kubeba chachu, mabaki ya nyuki, na spora, yaani mbegu ngumu zilizolala, za bakteria wa jamii ya Clostridium, ambazo asali haiziui na ambazo huweza kuamka ndani ya jeraha lenye kina lisilopata hewa. Naikubali kwa mchubuko wa juujuu tu, ikitoka kwa mfugaji nyuki unayemwamini, na chupa hiyo isiwe imechovywa kijiko cha jikoni.

Tyubu ndiyo ninayoichagua. Asali yake imetakaswa kwa miali ya gama, inayoua spora bila kuipasha moto asali yenyewe. Manuka, mmea wa New Zealand ambao Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato aliichunguza asali yake kwa miaka mingi, huipa kemikali iitwayo methili-glayoksali, ambayo huendelea kufanya kazi hata pale damu na tishu zinapoivunja peroksaidi. Bei yake ni kubwa kuliko ya asali ya kawaida, na hilo linaniuma nikifikiria mwenye punda wa mkokoteni. Soma lebo kwa makini: chupa ya manuka ya kula haijatakaswa, hata ikiwa ghali namna gani.

Matumizi ni rahisi, ila yanataka subira. Osha jeraha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye gramu 9 za chumvi kwa lita 1, paka asali kwenye shashi badala ya kuipaka kwenye nyama, kisha funga, la sivyo utawaalika sisimizi, nzi na nyuki. Kidonda kinachotiririka majimaji kibadilishiwe shashi kila siku. Mbwa avishwe kola ya plastiki asilambe. Kwa punda mwenye kidonda cha matandiko, hakuna asali itakayoshinda mkanda unaoendelea kumkwaruza. Mkanda urekebishwe na mnyama apumzishwe.

Jeraha lililofika kifuani, tumboni au kwenye kiungo, lenye funza, au linalonuka, ni la daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Na mnyama aliyeng'atwa na mbwa ambaye chanjo yake haijulikani mshike kwa glavu, kwa kuwa kichaa cha mbwa kipo nchini. Mate yakigusa mchubuko wako, uoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali bila kungoja dalili yoyote.