TAHADHARI: "hina nyeusi ya asili" inayouzwa Mwanga na Ujiji, jamani ile sio hina

Ndugu zangu wa Kigoma, hasa nyie wenye wazazi wenye mvi na mabinti mnaojiandaa na harusi, naomba msome hii. Kuna dada anapita na kikapu sokoni Mwanga, siku nyingine yupo Ujiji, anauza unga kwenye vinailoni vimefungwa fundo, hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna chochote. Anakwambia hina nyeusi imetoka Uarabuni, majani matupu haina kemikali, nusu saa tu mvi kwisha. Kimoja elfu tano. Nilichukua vitatu nikampelekea mamkubwa mana Jumamosi alikua anamwozesha mjukuu wake.

Nilimpaka mwenyewe kwa mikono yangu, ndo kinachoniuma. Nilivyotia maji ule unga ukaanza kuwa mweusi pale pale kwenye bakuli na harufu kali ya dawa, nikajisemea labda ndo ubora wake. Hazikupita dakika 20 mamkubwa akasema "mwanangu mbona kama umenipaka pilipili", nikamwambia vumilia kidogo mamkubwa, inashika. Tukaosha, nywele nyeusi tii, akafurahi sana. Asubuhi nafika namkuta macho yamefumba kabisa, masikio yamevimba, na foronya imelowa maji ya njano yaliyotoka kichwani. Harusini hakwenda.

Hospitali daktari alivyomwona tu akauliza "mmempaka piko?" Akatuelewesha kuna kemikali inaitwa PPD, ndo inayotia weusi kwenye piko na kwenye rangi nyingi za dukani, na hawa watu wanaiuza kama hina. Ulaya kwenye rangi ya nywele haitakiwi izidi asilimia 2, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa, sasa huyu anayefunga kwenye nailoni nani kampimia? Na ukishadhurika nayo mara moja mwili unaikumbuka, mamkubwa kaambiwa asiguse tena rangi yoyote yenye hiyo kitu maisha yake yote.

Sasa sikieni, mana sisi tumekua na mhina uani na bado nimedanganyika. Hina haitoi weusi, haijawahi. Unga wake ni wa kijani kama majani makavu na unanukia majani, unakaa nao masaa, bibi alikua anatufunga nailoni na kilemba tunalala nao, na kwenye mvi inatoka rangi ya chungwa au kutu. Ukitaka weusi wa mimea kweli unapaka hina kwanza unaosha, halafu unapaka nili, ule unga wa mmea wa indigo, nao ni wa kijani na unakaa nao tena. Ni kazi ya siku nzima. Kwahiyo mtu akikwambia majani matupu, nyeusi, nusu saa, huyo anakuuzia kitu kingine. Na hata ukimwamini anayekuuzia, paka kidogo nyuma ya sikio usubiri siku mbili ndo upake kichwa kizima, mimi hilo sikufanya.

Kama umeshampaka mtu na anawashwa usimwambie avumilie kama nilivyofanya mimi, osha kwa maji mengi muda huo huo, na akivimba uso au kifua kikimbana kimbieni hospitali usiku huo huo msisubiri kukuche.

Yule dada nilimpigia, akasema mamkubwa ana damu mbaya, kisha akanibloku. Kikapu kipo bado kinazunguka, mdogo wangu kamwona juzi karibu na stendi.

Mimi nimebaki na kinailoni kimoja sijakifungua. Vipodozi toka 2019 vipo chini ya TBS (shirika la viwango), nakipeleka huko wakipime. Kama na wewe umeuziwa usimwage, njoo inbox twende pamoja, tukiwa wengi hawatasema ni damu mbaya ya mtu mmoja.