Programu ya kuhariri picha: uliza kwanza picha zinalala wapi

Shaaban iliyopita nilifungua kompyuta nipange picha za kupamba niliyoipiga Mkomani, nikakuta sahani saba za kamba. Kamba wa kuchoma, ndimu pembeni, halafu kitanda cha hoteli kilichomwagiwa maua, halafu bwawa la kuogelea. Si picha zangu. Muuzaji aliyeniuzia "leseni ya mwaka" ya programu ya kuhariri alikuwa ameuza akaunti moja kwa watu ambao sijui idadi yao, na kila tunachoingiza kinapanda seva moja, yaani kompyuta ya mbali huko mtandaoni. Nikakaa kitako. Kama mimi naona kamba za mtu nisiyemjua, naye anamwona bi harusi wangu.

Kwa msio wa pwani: kupamba ni usiku wa wanawake peke yao. Mabuibui yanavuliwa, nywele ziko wazi, simu zinakusanywa mlangoni. Mimi napitishwa na kamera kwa sababu ni mwanamke, na kwa sababu wananijua mimi ni mtoto wa nani.

Basi habari za rangi humu hamtazipata. Kanzu nyeupe ya juani na buibui jeusi la kichochoroni, programu zote nilizojaribu zinaziweza ukipiga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Mimi nauliza picha inalala wapi.

Ya kwanza ni Capture One, wala sioni haya kusema naipendelea. Nguvu yake ni kile wanachokiita Session. Harusi moja, Session moja, nayo inakutengenezea folda zake: Capture ya kuingizia, Selects ya ulizochagua, Output ya kutolea, Trash ya kutupia. Marekebisho yanakaa humohumo, kando ya picha zenyewe. Nikimaliza nahamishia folda nzima kwenye diski ya nje, nafuta kwenye kompyuta, na siku nikiichomeka tena nakuta kila kitu nilivyokiacha. Mteja wangu mmoja wa Shela diski yake anaifungia kwenye kisanduku cha dhahabu, pamoja na vikuku. Bei inauma, sikufichi. Ni ya dola, na dola haipunguzwi kwa "nifikirie dada."

Ya pili Lightroom Classic, na hapa ndipo wengi wanapozama. Mwaka 2017 kampuni ya Adobe, wenye programu hii, waliipa ile ya zamani jina la Classic, na jina la Lightroom wakampa mdogo wake mpya, ambaye desturi yake ni kupandisha picha zako kamili kwenye seva zao. Ukimwambia muuzaji "nataka Lightroom," anakupa yoyote. Classic inaziacha picha kwenye diski yako. Kinachopanda ni mikusanyo uliyoiruhusu mwenyewe tu, tena nakala ndogo za pikseli 2560 upande mrefu. Lakini marekebisho yote yanawekwa kwenye faili moja la katalogi, ndilo daftari la programu, na likiharibika huna nakala, umebaki na picha mbichi. Washa ule mpangilio wa kuandika XMP, faili dogo la kutunza marekebisho, kando ya picha. Na ile zana ya kufuta vitu kwa akili mnemba, Generative Remove, kazi yake inafanyika kwenye seva, si kwenye kompyuta yako. Kwa picha za kupamba siigusi. Waya wa taa ukionekana nyuma ya bi harusi, nauziba kwa mkono. Ada ikiisha, picha utaziona na kuzitoa utazitoa, ila chumba cha Develop, pa kuhariria, kinafungwa.

Darktable ni ya bure, inaandika XMP kando ya kila picha, haikudai akaunti. Vitufe vyake ni kama vya rubani. Mwenye subira achukue. Snapseed ya simu ni nzuri kwa picha moja ya jahazi, si kwa picha 1,800 za harusi.

Yoyote utakayochagua, ijaribu kabla hujalipa: zima Wi-Fi, zima data, ingiza memori kadi ya kazi ya kweli, hariri, toa. Kisha washa bando na uangalie megabaiti zinavyokatika. Zikikimbia na wewe hujatuma kitu, kuna kinachopanda.

Yule muuzaji nilimpigia. "Dada, kwani haifanyi kazi?" Nikamwambia inafanya kazi kupita kiasi. Pesa nilishatuma kwa M-Pesa, risiti hakuna, na siku hizi simu yangu haipokei. Bado anaweka tangazo lilelile kila Ijumaa, bei imepanda kwa mia tano.

Picha nilizifuta huko juu kwenye seva, nikabadilisha nenosiri, kisha nikaenda Mkomani kusema ukweli. Mama wa bi harusi alinisikiliza mpaka mwisho, kahawa yake ikapoa. Akauliza moja tu: "Na huyo mwenye kamba, ni mwanamke au mwanamume?"

Sikuwa na jibu.