Nimecheza hamsini, nimeandikiwa kumi na tano

Wenye haraka niwaambie mapema: nyota moja. Wasio na haraka wakae kidogo, bado nina hasira.

Mimi ni dereva wa malori huku Marekani, na nikipata mapumziko ya siku mbili karibu na Las Vegas huwa sijivungi. Safari hii, wiki mbili tatu zilizopita, niliingia kasino moja nje kidogo ya ile barabara yao ya Strip. Jina naliacha. Sikwenda kutajirika, nilikwenda kutafuta takrima: vile vya bure wanavyowapa wachezaji, chakula, chumba, na kwa wenye pesa ndefu hata nauli ya ndege. Naiita takrima makusudi. Ni ndugu wa ile ya wagombea wetu iliyofutwa na Mahakama Kuu kule nyumbani Tanzania mwaka 2006. Unalishwa pilau ili utoe kitu kikubwa kuliko pilau.

Kwenye mashine hakuna ugomvi. Unachomeka kadi ya uanachama, mashine inahesabu yenyewe kila senti. Mezani unahesabiwa na macho ya binadamu. Yupo msimamizi anayezunguka nyuma ya wagawa karata. Anachukua kadi yako, anakuingiza kwenye kompyuta, halafu anakadiria dau lako la wastani na muda uliokaa. Hayo mawili ndiyo yanayokupa ofa. Umeliwa kiasi gani siku hiyo, kwa kawaida si hoja kubwa. Wanapiga hesabu ya kiasi ulichotarajiwa kuliwa, kisha wanakurudishia kipande.

Sasa sikilizeni. Nimekaa meza ya blackjack, ule mchezo wa karata wa kukimbilia 21 bila kuipita, dau la chini dola 15, meza safi ya kulipa tatu kwa mbili ukipata 21 kwa karata mbili za kwanza. (Zile za sita kwa tano zikimbieni: kwa dola 10 unalipwa 12 badala ya 15.) Nimeweka noti zangu mezani, maana mkononi hawapokei, mgawa karata akazitandaza kamera zione, akazisukumia kwenye tundu. Pembeni yake nikaweka kadi yangu ya uanachama. Ikalala hapo. Ikalala, ikalala, hadi mhudumu wa vinywaji akaniwekea glasi juu yake ikaacha duara la maji.

Mimi nisiyejua taratibu nikadhani watakuja wenyewe. Nikapiga hamsini hamsini kama saa mbili. Msimamizi amepita, amerudi, amecheka na mwenzake, kadi haoni. Kisha akaja bibi mmoja wa Kizungu, wa makamo ya mama yangu mdogo, na kabla makalio hayajagusa kiti akamwita yule msimamizi, akampa kadi mkononi na kumwambia waziwazi, "Niandike." Akaandikwa hapo hapo. Kweli mgeni hana macho hata akikodoa.

Nikapaza sauti na mimi. Lakini kumbuka hapo nilikuwa nimekula vichapo vinne mfululizo, nimeshusha dau hadi 15 nivute pumzi. Ndipo bwana mkubwa akaja! Akachungulia dau, akachukua kadi, akabonyeza vitu viwili vitatu, akaondoka zake. Raundi tatu baadaye nimerudi kwenye hamsini, nikakaa nayo saa mbili nyingine. Hakugeuka tena.

Nikaamka nimeliwa dola 640. Nikaenda dawati la wanachama kuulizia chakula. Dada wa watu, mpole kabisa, akaniambia mfumo unaonyesha saa mbili, wastani dola 15. Kumi na tano! Nikarudi mezani mbio. Yule jamaa, bigijii mdomoni, hakuinua hata uso kwenye skrini: "Bwana, mimi naandika ninachokiona."

Hilo neno ndilo lililoniharibia usiku. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Ulikuwa unaona nini saa nne zote hizo, ndugu yangu? Mgawa karata, ambaye nilikuwa nimempa bakshishi mara tatu, akafungua mdomo kunitetea, kisha zamu yake ikaisha. Akapiga makofi, akaionyesha kamera viganja vitupu, akaondoka. Mwisho jamaa akanitupia vocha ya dola 10 ya mkahawa wao. Kama anafukuza paka.

Nilipofika kwenye lori nikachukua kalamu. Mwenzangu mmoja aliyewahi kufanya kazi hizo alinifundisha hesabu: dau, mara raundi 60 hivi kwa saa, mara saa ulizokaa, mara sehemu ya kasino, tuseme asilimia 1 kwa mchezaji wa kawaida, halafu wanakurudishia labda asilimia 30. Alivyoniandika: 15 mara 60 mara 2 ni 1,800. Sehemu yao dola 18. Yangu dola 5 na senti 40. Kumbe ile vocha ya 10 alinizidishia!

Na je, angeniandika haki? Hamsini, saa nne, ni 12,000. Sehemu yao 120, yangu 36.

Thelathini na sita. Nimetokwa na mishipa ya shingo kwa dola 36, nami nimeacha 640 mezani. Nilikaa kwenye usukani nikacheka peke yangu kama chizi.

Kwa hiyo nyota nimepandisha hadi mbili, kwa ajili ya yule dada wa dawati na mchuzi wa nyama wa mkahawa, ambao nakiri ulikuwa mtamu. Hapana, moja na nusu. Nikikumbuka ile bigijii narudi kwenye moja. Shida yangu kumbe haikuwa chakula. Nilitaka aniandike nilivyokuwa.

Juzi wamenitumia barua pepe: malazi usiku mbili bure, katikati ya wiki. Sijawajibu. Ila mzigo wangu ujao unapitia Barstow, njia ya kwenda Vegas, na kadi nimeihamishia mfuko wa mbele.