Debian 13 kwenye mashine ya 4GB: nilivyoyaona GNOME, Cinnamon, Plasma na Xfce

Wanaoniuliza kuhusu Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, siku hizi karibu wote huanza na swali moja: kati ya matoleo yake mengi, nichukue Ubuntu, Mint, Fedora au Debian? Huwa nawaambia swali hilo lisubiri kidogo. Kinachoamua kama utadumu na Linux au utaikimbia wiki ya kwanza ni mazingira ya eneokazi, yaani menyu, upau, madirisha na kidhibiti cha mafaili, vile unavyovigusa kuanzia asubuhi mpaka unafunga duka. GNOME, Cinnamon, Plasma na Xfce ni maeneokazi ya aina hiyo. Mfumo wa chini unaweza kuwa uleule kabisa, na bado mtu mmoja akaupenda na mwingine akauchukia kwa sababu ya eneokazi tu.

Maswali yameongezeka tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Kompyuta mpakato nyingi za mtumba tunazonunua hazifiki hapo. Yangu ni HP EliteBook 840 G1: i5 ya kizazi cha 4, skrini ya 1366 kwa 768, RAM ya 4GB. Kibodi yake ni imara kuliko nyingi mpya nilizozigusa, na sikuona sababu ya kuitupa mashine nzima.

Niliweka Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, kwa sababu kisakinishi chake kinakuruhusu kuweka tiki kwenye maeneokazi kadhaa kwa pamoja. Ukifika kwenye skrini ya kuingilia unachagua utumie lipi leo. Hivyo kila kitu kingine kinabaki sawa: printa ileile, programu ileile ya ofisi ya LibreOffice, diski ileile. Ukitaka kufanya hivyo nawe, fungua akaunti ya mtumiaji kwa kila eneokazi. Yakitumia akaunti moja, fonti, mandhari na aikoni huingiliana, na baada ya muda hujui tena ni lipi lililoharibu mwonekano wa jingine.

Kazi niliyoyapimia ni ya steshenari: kuchapa barua na mitihani, kufungua flashi za wateja, kuskani vyeti, kuprinti PDF zilizotumwa WhatsApp, na kivinjari cha Firefox chenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini, upande mmoja na maombi ya mkopo wa wanafunzi ya HESLB upande mwingine.

Usipochagua chochote, Debian hukupa GNOME, na hapa ni toleo la 48. Ni nzuri kwelikweli. Maandishi yametulia, mipangilio yote iko mahali pamoja, na ukitelezesha vidole vitatu kwenye padi ya kugusa unahama eneo moja la kazi kwenda jingine kwa ulaini ambao sijaupata kwingine. Lakini GNOME ina msimamo wake. Dirisha lina kitufe cha kufunga peke yake. Cha kulishusha hakipo mpaka ukirudishe mwenyewe. Juu ya eneokazi huwezi kuweka faili lolote. Chini hakuna upau wa kukuonyesha madirisha yaliyo wazi. Mteja amesimama, barua yake iko nyuma ya madirisha mengine, nami inabidi nibonyeze kitufe cha Windows, nione picha za madirisha yote, ndipo nichague. Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu huo ni utulivu wa kweli, na ningempa GNOME bila kusita. Kwa mtu anayehudumia wateja wanne kwa pamoja ni hatua ya ziada kila dakika. Vichwa vya madirisha navyo ni vinene, na kwenye skrini yenye kimo cha pikseli 768 unene huo unaula upande ambao tayari ni mfupi.

Vipo viendelezi vya kurudisha upau, kama Dash to Panel. Ila kiendelezi huandikwa kwa toleo fulani la GNOME, na toleo jipya hutoka kila baada ya miezi 6. Kwenye Debian 13 GNOME itabaki 48, kwa hiyo hilo halitakusumbua sana. Kwenye Fedora, inayofuata matoleo mapya, utalihisi.

Ubishi huu una historia. GNOME 3 ilipotoka Aprili 2011 iliondoa menyu na upau vilivyozoeleka. Kuna waliochukua msimbo wa GNOME 2 wakauendeleza kwa jina la MATE, na timu ya Linux Mint chini ya Clement Lefebvre ikatengeneza Cinnamon. Sababu ya kuipenda programu huria, kwangu, iko hapo: uamuzi wa wakuu wa mradi haukuwalazimisha watumiaji kumeza wasichokitaka, maana msimbo ulikuwa wazi kwa yeyote kuuchukua.

Cinnamon nilimjaribishia mama yangu mdogo, mwalimu mstaafu aliyezoea Windows 7 tangu akiwa kazini. Sikumweleza chochote. Alikwenda moja kwa moja kona ya chini kushoto, akabofya menyu, akaandika Writer, programu ya LibreOffice ya kuchapa, akaanza kazi. Baadaye akaniuliza, "Mwanangu, mbona hii ni ileile?" Nikamjibu, "Kwa kuitazama ndiyo, mama. Ndani ni nyingine." Kwa anayehama Windows akiwa mtu mzima mwenye mazoea yake, sijaona eneokazi linalomheshimu kuliko hili. Kidhibiti chake cha mafaili, Nemo, ni kizuri na hakina mafumbo. Kwenye 4GB Cinnamon ilianza na takriban 1GB ya RAM kabla sijafungua kitu, na Firefox ikishapata kurasa kadhaa mashine inaanza kuvuta pumzi.

Plasma ya KDE ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Mradi wenyewe ulianzishwa mwaka 1996 na Mjerumani Matthias Ettrich, na Plasma 6 ilitoka Februari 2024. Zamani ilisemwa kuwa nzito. Kwenye mashine yangu haikuizidi GNOME. Utamu wake uko kwenye vitu vidogo vya kazi. Ubao wa kunakili unakumbuka ulichonakili nyuma: unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na V, orodha inatokea, unachagua. Anayejaza fomu za watu, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) hapa, namba ya mtihani pale, ataelewa ninachosema. Katika Dolphin, kidhibiti chake cha mafaili, F3 inagawa dirisha mara mbili, flashi ya mteja kushoto na folda ya duka kulia, unavuta faili basi. Okular, kisomaji chake cha PDF, inaandika maoni juu ya PDF. Halafu kuna KDE Connect: simu na kompyuta zikiwa kwenye Wi-Fi moja, PDF inatoka kwenye simu hadi kwenye mashine bila kugusa bando. KDE Connect unaweza kuisakinisha hata kwenye maeneokazi mengine, na ningemshauri kila mwenye steshenari aiweke leo.

Ninachokilalamikia kwenye Plasma ni wingi wa mipangilio. Kila kitu kinabadilishika, na anayejifunza anaweza kuhamisha upau wake bila kujua alivyofanya. Tena ina huduma ya kuorodhesha yaliyomo ndani ya mafaili ili utafutaji uwe wa haraka. Kwenye diski ya kuzunguka inaichosha mashine, kwa hiyo niliizima mapema kwenye mipangilio ya utafutaji wa mafaili.

LXQt, eneokazi jingine, ni nyepesi kuliko hizi zote na inafaa mashine ya 2GB, ila mipangilio yake imetawanyika na sikudumu nayo.

Iliyobaki dukani ni Xfce. Baada ya kuwaka ilitumia RAM chini ya 800MB, na hizo MB mia kadhaa zilizookolewa ndizo zinazoiwezesha Firefox na LibreOffice kukaa pamoja bila RAM kujaa na mashine kukimbilia diski. Menyu inafunguka papo hapo. Thunar, kidhibiti chake cha mafaili, ina zana ya kubadilisha majina ya mafaili mengi kwa mkupuo: unaskani vyeti vya darasa zima, kisha unavipa jina moja na namba zinazofuatana. Nayo haibadiliki ovyo. Toleo la 4.16 lilitoka Desemba 2020, la 4.18 Desemba 2022, la 4.20 Desemba 2024, na aliyejifunza la kwanza hapotei kwenye la mwisho. Kuna wanaouona mwendo huo kuwa uzembe. Mimi ninayefundisha msaidizi mpya kila mara, nauona ni huduma.

Dosari zipo. Inavyokuja kwanza haivutii, ina upau juu na mwingine mdogo chini. Nilibakiza mmoja, nikaushusha. Kingo za madirisha ni nyembamba mno kuzishika kwa kipanya ukitaka kubadilisha ukubwa wa dirisha. Dawa ni kushikilia Alt huku ukiburuta kwa kitufe cha kulia. Ufundishe mkono hilo siku ya kwanza.

Baadaye niliongeza RAM hadi 8GB na kuweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Kama pesa inatosha kimoja tu, anza na SSD. Kwa sasa akaunti yangu binafsi ni Plasma, ya kaunta ni Xfce.

Jambo moja tu linanikosesha raha. GNOME na Plasma kwenye Debian 13 huingia kwa Wayland, mfumo mpya wa kuchora madirisha kwenye skrini, lakini Xfce bado inasimama juu ya X11, mfumo wa zamani, ambako programu moja inaweza kusoma vitufe vinavyobonyezwa kwenye programu nyingine. Xfce 4.20 imeanza majaribio ya Wayland, ila inabidi iazime kisimamizi cha madirisha cha wengine kama labwc, kwa sababu chake bado hakijahamishwa. Nalisubiri hilo kwa hamu, maana nywila zinazochapwa kwenye ile kaunta si zangu, ni za wateja.