Koti la mvua au poncho kwa safari ya kwanza ya kikundi milimani

Katika misitu ya Western Ghats, safu ya milima ya magharibi mwa India, ambako monsuni hunyesha Juni hadi Septemba, poncho, yaani vazi pana la mvua lisilo na mikono linalovaliwa kichwani, huvutia: hufunika mtu pamoja na begi lake, na hewa hupita vizuri. Kasoro hujitokeza njia inapobana. Pindo hunasa miibani, upepo huipeperusha usoni, na kwenye mteremko wenye utelezi huoni unapokanyaga. Kwa anayeanza, hiyo ni hatari kubwa.

Koti huacha miguu huru. Utalowa jasho, kwa hiyo fungua zipu za kwapani unapopanda. Kwa kuwa koti halifuniki begi, vitu vya begini vitie kwenye mfuko mzito wa plastiki, mdomo usokotwe na kukunjwa.

Sisi tunachagua koti. Kiongozi abebe poncho moja ya kumkinga aliyeumia.